Jasho ni Adui: Mwongozo wa Mtu wa Kigoma Anayekwenda Kufanya Kazi za Nje Kwenye Barafu

Huku kwetu mtu asiyetoka jasho tunasema hajafanya kazi. Kibarua wa zege pale Mwanga, mpagazi wa magunia bandarini, mama anayeanika dagaa Kibirizi, wote tunawapima kwa nguo iliyolowa mgongoni. Ukifika Winnipeg, Kanada, mwezi Januari na kipimo hicho kichwani, utaumia kabla ya saa ya chai. Kule mfanyakazi mzuri ni yule anayemaliza zamu akiwa mkavu.

Naandika haya kwa sababu watu wetu wanaokwenda huko ni wengi. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo, na kwa miaka mingi familia zimeondoka pale kwenda Kanada, Marekani na nchi za kaskazini mwa Ulaya. Wapo pia vijana wa Kasulu, Kibondo na Ujiji waliokwenda kwa masomo au kwa ndoa, wakajikuta wanashika chepe. Kazi ya kwanza mtu anayoipata mara nyingi ni ya nje: kufukua theluji, usaidizi wa fundi, kupakia magari, kugawa mizigo. Nimezifanya hizo Winnipeg kabla ya kurudi Kasulu. Kule usiku wa Januari hufika nyuzi 20 chini ya sifuri bila mtu kushangaa, na kila mwaka kuna siku za 30 chini ya sifuri. Baridi ya Manyovu ya mwezi wa saba, ile inayotufanya tukunje mikono, haimo hata kwenye hesabu hiyo.

Hatua ya 1: Mambo ya kumaliza ukiwa bado nyumbani

Kamwone daktari. Kama una selimundu, mwambie wazi unakokwenda na kazi unayotarajia kufanya, maana baridi inaweza kuamsha yale maumivu makali. Mwenye pumu aondoke akijua kwamba hewa ya baridi kavu hubana kifua, na mwenye presha au moyo asikubali kazi ya kufukua theluji kabla ya kupimwa. Mwenye kisukari ambaye miguu imeshaanza kufa ganzi yuko hatarini zaidi, kwa sababu hatahisi vidole vinapoganda.

Koti usilihangaikie sana. Yale makoti mazito yanayotoka kwenye mabero ya mitumba, ambayo waendesha bodaboda wa Kasulu wanayavaa alfajiri, yalishonwa kwa ajili ya huko huko unakokwenda. Koti limevuka bahari kuja kwetu, nawe unalirudisha kwao. Ukilipata la bei nafuu, lijaribu hivi: weka mdomo kwenye kitambaa cha nje upulize kwa nguvu. Hewa ikipita, liache, upepo nao utapita. Kagua zipu na kofia yake. Pesa kubwa ibaki kwa ajili ya buti, nazo kanunue huko, kwa sababu buti la kweli la barafu sijaliona sokoni kwetu. Na usione haya, maduka ya mitumba yapo huko pia.

Jifunze pia kusoma vipimo viwili. Kanada na Ulaya wanatumia Selsiasi kama sisi, Marekani wanatumia Farenhaiti. Nyuzi 32 za Farenhaiti ndiyo sifuri yetu, pale maji yanapoganda. Sifuri ya Farenhaiti ni kama 18 chini ya sifuri kwetu. Ukifika 40 chini ya sifuri, vipimo vyote viwili vinasoma sawa, na hapo hakuna tena haja ya kubishana.

Hatua ya 2: Nguo

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea, basi nitakaa kidogo.

Mtu wa joto akiogopa baridi huvaa fulana ya pamba, shati la pamba, sweta, kisha koti kubwa juu. Anatoka, anafanya kazi kwa nguvu, anatoka jasho. Pamba inanyonya lile jasho na kulishika kama kitambaa cha kufutia meza. Akisimama kupumzika, kile kitambaa kibichi kinamnyonya joto kutoka kifuani. Maji huondoa joto mwilini haraka mara nyingi kuliko hewa. Kwa hiyo yule aliyevaa nguo nne za pamba anaweza kuzidiwa na baridi kabla ya aliyevaa tatu za aina sahihi.

Nguo ya kwanza, inayogusa ngozi, iwe ya sufu laini au poliesta, ya kubana, juu na chini. Kazi yake ni kuhamisha jasho likatoke nje. Ya pili ni ya kutunza joto: sweta la sufu au lile lenye manyoya mafupi. Ya tatu inazuia upepo na maji. Baridi ikizidi, ongeza ya kati nyingine. Jinzi iache nyumbani, kwani ni pamba, na ikilowa huganda ikawa ngumu kama bati.

Ukitoka mlangoni asubuhi unapaswa kuhisi ubaridi kidogo. Najua inaonekana kinyume. Lakini ukitoka ukiwa umejaa joto, baada ya kufukua robo saa utakuwa umelowa. Fungua zipu kabla jasho halijaanza, vua nguo ya kati ukianza kazi nzito, ivae tena ukisimama. Kuvua na kuvaa mara nyingi kwa siku si ushamba; wenyeji wanafanya hivyo hivyo.

Glavu ambazo vidole vinne vinakaa pamoja zina joto zaidi kuliko zile za vidole vilivyotengana, kwa sababu vidole vinapashana moto. Kama kazi inahitaji vidole, vaa glavu nyembamba ndani na hizo kubwa juu, utoe zile kubwa kwa muda mfupi tu. Beba jozi ya akiba mfukoni. Kofia ifunike masikio. Shingo na mdomo vifunikwe kwa kitambaa kinachobadilishwa kikilowa kwa pumzi.

Buti: chukua lililo kubwa kidogo kuliko kiatu chako cha kawaida, vidole viweze kucheza ndani. Soksi tatu ndani ya buti la kubana ni mbaya kuliko soksi moja, maana mguu uliobanwa haupati damu, na joto la mguu linaletwa na damu.

Hereni na vipini vya chuma vitoe. Chuma hupitisha baridi moja kwa moja hadi kwenye nyama. Na kuhusu mafuta: wengi wetu hujipaka mafuta ya mgando usoni, na wapo wanaobeba mawese ya Kigoma wakiamini ni kinga. Mafuta huzuia ngozi kupasuka, hayazuii kuganda. Utafiti uliofanywa Ufini kwa askari uliona waliojipaka mafuta usoni ndio walioganda zaidi, huenda kwa sababu walijiona salama wakaacha kujifunika.

Hatua ya 3: Uliza upepo kabla ya kuuliza nyuzi

Kwenye redio au simu wanatangaza tarakimu mbili: baridi ya hewa, na baridi jinsi ngozi inavyoihisi upepo ukivuma. Fuata ya pili. Hewa ikiwa nyuzi 20 chini ya sifuri na upepo wa kilomita 30 kwa saa, ngozi inahisi kama 33 chini ya sifuri. Kwa kipimo hicho ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30. Ikifika 40 chini ya sifuri, muda unashuka hadi dakika 5 hadi 10. Kufunga kamba ya kiatu bila glavu, kisha kujibu simu, dakika hizo zimekwisha.

Hapo ndipo unapopanga kazi na msimamizi: kazi ya juu ya paa ifanywe saa ngapi, mapumziko ya kujipasha moto yawe kila baada ya muda gani, nani anafanya na nani. Mwezi Desemba Winnipeg mwanga wa mchana ni kama saa nane tu, kwa hiyo saa zenye afadhali ni chache, nazo zigawiwe kazi ngumu. Sheria za Manitoba, jimbo lenye Winnipeg, zinampa mfanyakazi haki ya kukataa kazi yenye hatari isiyo ya kawaida bila kuadhibiwa. Sisi tuliokulia kwenye vibarua vya kuombea tunaona aibu kumwambia bosi hapana. Sema kwa heshima, eleza hatari yenyewe, lakini sema.

Hatua ya 4: Kutembea

Theluji mpya haitelezi sana. Kinachovunja nyonga ni barafu nyembamba isiyoonekana, inayokaa juu ya lami ikafanana na lami iliyolowa maji tu. Hutokea zaidi alfajiri, kwenye madaraja, kivulini, na mahali magari yanaposimama na kuondoka. Tembea hatua fupi, unyayo wote ushuke pamoja, magoti yalegee, uzito uwe mbele kidogo juu ya mguu unaokanyaga. Mikono itoke mifukoni. Aliyewahi kushuka mlima wa Heru Juu masika akiwa na mzigo kichwani anajua tayari namna hii ya kutembea, ila kule ukianguka hauangukii tope.

Ukishuka kwenye gari, shika mlango mpaka miguu yote miwili itulie. Usibebe mzigo unaoziba macho.

Njia hunyunyiziwa chumvi, ile ile ya aina tunayochemsha Uvinza, kwa sababu maji ya chumvi yanahitaji baridi kali zaidi ili yagande. Lakini ikishuka chini ya nyuzi 10 hivi chini ya sifuri, chumvi ya kawaida inakuwa dhaifu. Hapo mwaga mchanga, hauyeyushi kitu ila unampa mtu pa kukanyagia. Nimeona watu wakimwaga chumvi ndoo kwa ndoo asubuhi ya 25 chini ya sifuri, halafu wakashangaa kwa nini ngazi bado zinateleza.

Hatua ya 5: Kazi yenyewe

Kufukua theluji kunaonekana kama mchezo wa watoto mpaka ujaribu. Theluji mbichi ni nzito, na hewa baridi inabana mishipa ya damu wakati moyo unaombwa kusukuma zaidi. Kila msimu wapo watu wanaokufa kwa moyo wakiwa na chepe mkononi. Basi anza taratibu kwa dakika chache. Sukuma theluji badala ya kuinyanyua. Ukilazimika kunyanyua, chota nusu chepe, kunja magoti kidogo, geuza miguu na mwili wote, usizungushe kiuno. Usisubiri theluji ikome ndipo uanze. Kufukua mara mbili kidogo kidogo ni rahisi kuliko mara moja yote. Kifua kikibana, mkono wa kushoto ukiuma au pumzi ikikatika, weka chepe chini na upige 911, namba ya dharura ya kule. Usiende kulala ukisema ni uchovu.

Mashine ya kurusha theluji ikiziba, izime, kisha tumia kijiti kuizibua. Mkono usiingie humo hata injini ikiwa imezimwa, maana yale mapanga yanaweza kuwa bado yamebana nguvu na yakazunguka ghafla kizuizi kikitoka. Kwa hili usikubali maelezo ya mtu yeyote mwenye haraka.

Petroli ni hatari ambayo hakuna aliyekuambia. Haigandi kama maji, kwa hiyo ndani ya dumu inakuwa na baridi ile ile ya nje, hata 30 chini ya sifuri. Ikikumwagikia mkononi inagandisha ngozi papo hapo, halafu inapogeuka mvuke hewani inachukua joto jingine. Jaza mafuta ukiwa umevaa glavu zisizopitisha maji. Chuma nacho usikiguse kwa mkono mtupu, na kamwe usishike msumari kwa midomo kama mafundi wetu wanavyofanya.

Ngazi ya kupandia igongwe barafu itoke kwenye vipago kabla ya kukanyaga. Chini ya ukingo wa paa usisimame. Vipande vya barafu vinavyoning'inia vinaweza kumuua mtu.

Kula vizuri kabla ya kutoka, mwili unachoma chakula kujipasha joto. Kunywa maji hata kama huna kiu, kwa sababu baridi hukausha mwili bila wewe kujua. Chai ya moto yenye sukari ni rafiki. Pombe inakupa joto la uongo: inafungua mishipa ya ngozini, unahisi moto, huku joto la ndani likikimbilia nje. Sigara nayo inabana mishipa ya vidole.

Simu iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili. Betri ikipata baridi hufa ghafla, na siku hiyo ndiyo siku utakayohitaji kupiga.

Hatua ya 6: Tazamaneni usoni

Pua yako huioni, na sikio lililoganda haliumi, limekwisha kufa ganzi. Ndiyo maana watu hufanya kazi wawili wawili na kukaguana nyuso kila baada ya muda.

Sasa sikiliza kwa makini, kwa sababu mabango mengi ya kazini hayasemi. Yanaandika kwamba ngozi inayoganda huwa nyekundu halafu nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani. Tafuta rangi ya kijivu au ya majivu, ngozi inayong'aa kama nta, sehemu iliyokuwa laini sasa imekuwa ngumu. Gusa, usitegemee macho tu. Dalili ya mapema ni kuchomachoma, kisha ganzi. Ganzi ikija usifurahi kwamba maumivu yamekwisha. Tena, tafiti za majeshi ya Uingereza na Marekani zimeonyesha kwamba askari weusi hupata majeraha ya baridi mara nyingi zaidi kuliko wenzao weupe katika mazingira yale yale. Kwa hiyo mwenzako Mzungu akisema bado anajisikia vizuri, hiyo ni habari yake. Wewe ingia ndani ukapashe mikono.

Hatari ya pili ni joto la mwili mzima kushuka. Likishuka chini ya nyuzi 35 mtu yuko kwenye dharura. Anaanza kwa kutetemeka sana. Halafu anadondosha vitu, anajikwaa, maneno yanamtoka kama mlevi, anakuwa mkaidi au anataka kuketi tu. Ukiona ameacha kutetemeka na bado yuko kwenye baridi, usiseme amepata nafuu, mwili umeishiwa nguvu ya kujipasha. Wengine hufikia hata kuvua nguo wakidai wanaungua.

Hatua ya 7: Akizidiwa

Piga 911 Kanada na Marekani, 112 Ulaya. Mwingize ndani au mkinge upepo. Vua nguo mbichi, mkaushe, mfunike, kichwa pia. Anza kupasha kifua, shingo na kinena. Mikono na miguu isisuguliwe. Mlaze, mhamishe polepole bila kumtikisa, kwa sababu moyo uliopoa unaweza kuvurugika kwa mshtuko mdogo. Kama ana fahamu kamili na anameza, mpe kinywaji cha moto chenye sukari. Kama hapumui, mkandamize kifua na usikate tamaa mapema. Watu waliopoa sana wameonekana wamekufa kisha wakarudi.

Kidole au mguu ulioganda usisuguliwe, na ile desturi ya zamani ya kusugua kwa theluji inaharibu zaidi. Usiuweke kwenye moto wala hita, hauhisi na utaungua. Maji ya uvuguvugu ya nyuzi 37 hadi 39 ndiyo dawa, yapimwe kwa kiwiko cha mtu mzima wa afya. Utauma sana unaporudi, ni kawaida. Malengelenge yasipasuliwe. Lakini kama mguu utaganda tena njiani kuelekea hospitali, usiuyeyushe kwanza. Kuganda mara mbili ndiko kunakoleta kukatwa.

Hatua ya 8: Ziwa lililoganda

Sisi watu wa ziwa tuna kiburi na maji, na Tanganyika haijawahi kutufundisha hili. Jimbo la Minnesota, Marekani, husema mtu mmoja anaweza kutembea juu ya barafu safi ya sentimita 10; Msalaba Mwekundu wa Kanada husema 15. Chukua ile kubwa. Barafu nyeupe yenye theluji ndani ni dhaifu, na karibu na mto unaoingia au chini ya daraja usiiamini kabisa.

Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, pale pale Winnipeg, amefundisha hesabu rahisi: moja, kumi, moja. Ukizama, dakika 1 ni ya kutuliza pumzi, kwa maana mshtuko utakufanya uheme hovyo na kumeza maji. Una dakika 10 hivi ambazo mikono bado inakutii. Kabla ya kupoteza fahamu una kama saa 1. Geukia ulikotokea, barafu ya upande huo ilikubeba. Weka mikono juu yake, piga miguu kama unaogelea, jivute kwa tumbo. Ukitoka usisimame, jiviringishe mpaka mbali. Kujua kuogelea Ujiji kutakusaidia kupiga miguu, basi.

Hatua ya 9: Jiko na gari

Usiwashe jiko la mkaa ndani ya nyumba, karakana wala hema, hata dirisha likiwa wazi kidogo. Nyumba za huko zimezibwa kuzuia upepo, na ile hewa ya sumu haina harufu. Kichwa kikiuma na mkiona kizunguzungu wote pamoja, tokeni nje kwanza, maswali baadaye. Ukijipasha moto ndani ya gari lililozungukwa na theluji, shuka kwanza ufukue bomba la moshi.

Hatua ya 10: Ukirudi jioni

Toa nyayo za ndani za buti, zianike kando na buti lenyewe, mbali kidogo na hita ili ngozi isikakamae. Jasho la mguu la siku nzima limo humo, hata kama hulioni. Ukiweza, kuwa na jozi mbili za nyayo, moja ikauke wakati nyingine iko kazini, na soksi zote zibadilishwe kila siku. Glavu zigeuzwe ndani nje. Kisha kagua vidole vya miguu chini ya taa, kimoja kimoja, ukigusa.